Baiskeli ya umeme ikigoma Mkuyuni, nani ataifungua?

Swali hili limeingia kwenye simu ya kipindi chetu zaidi ya mara moja, tena kwa maneno yanayofanana. Baiskeli ya umeme imenunuliwa mjini, betri imejaa, taa ya kwenye usukani inawaka, lakini ukizungusha kishikio cha mwendo haiendi. Ukikanyaga pedeli, mota haisaidii. Fundi wa baiskeli wa kijijini anaizunguka, anaitazama, kisha anasema: mrudishie aliyekuuzia. Aliyeuza yuko Dar es Salaam.

Jibu letu fupi ni kwamba katika hali kama hiyo, mara nyingi kilichokufa si mota wala betri. Ni waya mwembamba uliokatika, soketi iliyoingia maji, au swichi ndogo ya breki iliyonasa. Ni ugonjwa ambao fundi mwenye kipima umeme anaweza kuutafuta kwa saa moja.

Jibu refu ndilo lililotufanya tuandike makala haya. Kama ugonjwa ni mdogo hivyo, kwa nini chombo kilichogharimu fedha za mavuno kinalala chini ya uvungu mwezi mzima? Tunaona kwamba mjadala wa vyombo vya umeme nchini umeegemea bei, betri na mahali pa kuchajia. Ufundi umesahaulika. Kwa mkulima wa Mkuyuni, Kinole au Matombo, huo ndio utakaoamua kama baiskeli hizi zitamfaa au zitamtia hasara.

Kwa nini sasa

Mambo mawili yamekutana. La kwanza ni umeme wenyewe. Bwawa la Julius Nyerere, kule Rufiji, limejengwa kuzalisha megawati 2,115, na Serikali kupitia Wakala wa Nishati Vijijini, REA, imesema umeme umefika katika vijiji vyote 12,318 vya Tanzania Bara. Si kila kitongoji wala kila nyumba, lakini mahali pa kuchomeka chaja pamekuwa karibu kuliko zamani.

La pili ni mafuta. Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA hutangaza bei kikomo, na kila mwenye pikipiki hutega sikio. Sasa pigeni hesabu ya baiskeli. Betri ya kawaida ya volti 36 na ampea-saa 10 inabeba wati-saa 360. Hata ukiongeza umeme unaopotea kwenye chaja, kuijaza hakufiki nusu yuniti. Kwa mteja mdogo wa TANESCO wa kundi la D1, aliyekuwa akilipa shilingi 100 kwa yuniti kabla ya kodi na tozo, hiyo ni chini ya shilingi 50.

Majirani zetu nao wanasonga. Rwanda ilitangaza kwamba kuanzia Januari 2025 pikipiki mpya za abiria zitakazosajiliwa Kigali ziwe za umeme. Uganda, katika mji wa Jinja, shirika la FABIO likishirikiana na wenzao wa Ujerumani, EURIST, limekuwa likiingiza baiskeli ya umeme ya mizigo inayoitwa AfricroozE. Tusisahau kwamba neno bodaboda lenyewe lilizaliwa na baiskeli, pale mpakani Busia, kabla ya pikipiki kulichukua.

Kwa hiyo vyombo hivi vinakuja, tupende tusipende. Swali ni vitadumu vipi.

Somo la Phoenix na la pikipiki

Tazameni baiskeli ya Phoenix. Kwa nini imeishi vijijini miaka yote hii? Uimara wa chuma ni sehemu tu ya jibu. Sehemu kubwa ni kwamba fundi aliye chini ya mwembe anaijua yote. Spoku, gololi, cheni, ekseli: kila kipuri kipo dukani, kipuri cha baiskeli moja kinaingia katika nyingine, na kufungua kunahitaji spana mbili tatu.

Pikipiki ilifuata njia hiyohiyo. Nyingi za Kichina zilizojaa vijijini zinatokana na muundo wa Honda CG125, mashine rahisi iliyotoka Japani miaka ya 1970. Kijana akijifunza injini moja, amejifunza ishirini. Serikali ilipotoa kanuni za leseni za usafirishaji kwa pikipiki na bajaji mwaka 2010, tayari mafundi walikuwepo kila njia panda. Chombo kilienea kwa sababu ufundi ulienea pamoja nacho.

Baiskeli ya umeme imekuja na sehemu mbili ndani ya mwili mmoja. Ya kwanza, yaani fremu, cheni na matairi, fundi wetu anaijua. Ya pili ni nyaya, na hapo ndipo anaponyoosha mikono.

Nani anamwambia nani

Tuifungue hiyo sehemu ya pili. Katikati yake kuna kisanduku kinachoitwa kontrola. Mfikirie karani wa ghala la ushirika. Betri ndiyo ghala, mota ndiyo mteja anayesubiri mzigo, na karani hatoi kitu mpaka apate karatasi.

Karatasi ya kwanza inatoka kwenye kishikio cha mwendo, kile ambacho kwenye pikipiki tungesema cha mafuta. Ndani yake kuna sumaku na kihisi, yaani kifaa kidogo kinachotambua sumaku imesogea kiasi gani. Karatasi ya pili inatoka kwenye pedeli. Karibu na mkono wa pedeli kuna kisahani chenye sumaku ndogondogo, na pembeni yake kihisi kinachozihesabu zikipita. Pedeli zikizunguka kwenda mbele, kontrola inaruhusu mota isaidie.

Karatasi ya tatu ni ya kuzuia, nayo hutoka kwenye breki. Katika baiskeli nyingi za umeme, mkono wa breki una swichi ndogo. Ukishika breki, swichi inamwambia karani asitoe kitu. Karatasi hii ina nguvu kuliko zile mbili. Kama swichi imenasa kwa tope, kontrola inaamini umeshika breki siku nzima. Betri imejaa, taa inawaka, na baiskeli haiendi.

Kishikio na kihisi cha pedeli kwa kawaida vina nyaya tatu nyembamba kila kimoja: moja ya umeme mdogo wa volti 5 hivi kutoka kwenye kontrola, moja ya kurudisha, na moja ya kupeleka ujumbe. Ndiyo maana tunasema ugonjwa ni mdogo. Nyaya hizo hazibebi nguvu ya kusukuma baiskeli. Zinabeba ujumbe tu.

Jinsi ya kutafuta ugonjwa

Kabla ya kushika chochote, inua gurudumu lenye mota lisiguse ardhi, na uwaondoe watoto. Baiskeli inaweza kukurupuka. Kisha chukua simu yako upige picha ya kila soketi kabla ya kuichomoa. Picha hiyo haigharimu kitu na itakuokoa wakati wa kurudishia.

Anza na breki. Zima baiskeli, chomoa soketi za swichi za breki, washa tena, ujaribu. Katika baiskeli nyingi breki za kamba zitaendelea kushika kama kawaida, kwani ulichotoa ni ujumbe wa umeme tu. Gurudumu likizunguka, umempata mgonjwa: safisha swichi au ibadilishe, kisha urudishie. Usiiache imechomolewa. Siku utakayoshika breki kwenye mteremko huku mota ikisukuma, utajuta.

Kama si breki, jiulize: vimekufa vyote viwili, au kimoja? Kama pedeli zinaleta msaada lakini kishikio kimekufa, basi betri, kontrola na mota ni vizima, na ugonjwa uko kwenye kishikio au waya wake. Kishikio kikifanya kazi na pedeli hazisaidii, tazama kihisi cha pedeli. Swali hili moja, lisilohitaji kifaa chochote, linaweza kukuokoa usiuziwe kontrola mpya usiyoihitaji.

Kihisi cha pedeli mara nyingi hakijafa, kimesogea. Kisahani cha sumaku na kihisi vinatakiwa kukaribiana kwa milimita chache bila kugusana. Fundi akifungua mkono wa pedeli kubadilisha gololi, kisha akarudisha kisahani mbali kidogo au kukigeuza, msaada unapotea. Tope lenye vumbi la chuma nalo hushikwa na sumaku. Futa, sogeza, jaribu.

Kimya kikiendelea, sasa ndipo kipima umeme, maltimita, inapohitajika. Iweke kwenye volti za betri, si za umeme wa ukutani. Baiskeli ikiwa imewashwa, pima kati ya waya wa volti 5 na ule wa kurudisha. Ukipata kati ya 4 na 5, umeme unafika. Kisha pima waya wa ujumbe wa kishikio: kikiwa kimeachwa, utaona karibu volti 1 au pungufu kidogo, na ukikizungusha taratibu namba ipande hadi zaidi ya 3. Kama haipandi, kishikio kimekufa. Kwa pedeli, zungusha polepole sana: namba iruke juu na chini kila sumaku inapopita. Isiporuka, kihisi kimekufa au waya umekatika.

Na kama volti 5 hazipo kabisa? Usiilaumu kontrola haraka. Katika baiskeli nyingi, kishikio, pedeli na hata vihisi vya ndani ya mota vinakula sahani moja ya volti 5. Kimoja kikipiga shoti, vyote vinalala njaa. Chomoa kimoja baada ya kingine huku ukipima. Volti zikirudi ulipochomoa kishikio, mla vyote ni kishikio. Zikikataa kurudi hata baada ya vyote kuchomolewa, hapo kontrola inashukiwa kwa haki.

Mvua zetu na soketi zao

Upande huu wa mashariki wa Uluguru unapokea mvua nyingi kuliko upande wa pili wa milima, kwa sababu upepo unaotoka Bahari ya Hindi unagonga kwetu kwanza. Ndiyo maana tuna mdalasini, karafuu na ndizi. Ndiyo maana pia soketi za baiskeli hizi zitateseka.

Maji yanateremka na waya mpaka ndani ya soketi, yanaacha kutu ya kijani kwenye pini, na ujumbe mdogo wa volti 1 au 2 haupiti vizuri. Baiskeli inagoma asubuhi na kuamka mchana jua likikolea. Ukiona tabia hiyo, tafuta maji kwanza. Kausha, safisha pini, zungushia selotepu ya umeme, na uache waya uning'inie chini kidogo kabla ya soketi ili tone lidondokee hapo lisiingie ndani. Na usioshe baiskeli ya umeme kwa mpira wa maji wenye nguvu.

Pale hasara inapozaliwa

Hapa tunawasihi mafundi wetu wasome mara mbili.

Baadhi ya vishikio vina taa za kuonyesha betri, au vina funguo au kitufe cha kuwashia. Hivyo vina nyaya tano au sita, na mmoja wao unabeba umeme kamili wa betri. Betri ya volti 36 ikijaa inafika 42, na ya volti 48 inafika zaidi ya 54. Waya huo ukigusana hata kidogo na ule wa volti 5, kontrola inaungua, na mara nyingine vihisi vya mota vinaondoka nayo. Ugonjwa wa kishikio cha bei ndogo unageuka kuwa ugonjwa wa baiskeli nzima.

Inatokea hivi: fundi anaona waya umekatika, anamenya zote, anaunganisha nyekundu na nyekundu, nyeusi na nyeusi. Lakini rangi hazina sheria moja. Kiwanda hiki kinatumia nyekundu kwa volti 5, kingine kwa umeme wa betri. Usiamini rangi, pima. Na kabla ya kuunganisha, zima baiskeli na uchomoe betri.

Kuna kosa lingine la kutisha zaidi. Waya wa kurudisha ukikatika peke yake, ujumbe wa kishikio unaweza kupanda juu kana kwamba umekizungusha mpaka mwisho. Kontrola nyingi zina kinga ya kukataa kuondoka katika hali hiyo, lakini si zote. Baiskeli iliyowahi kukimbia yenyewe isipandwe tena mpaka waya huo upatikane.

Na betri isifunguliwe kijijini. Ndani yake, pamoja na seli za lithiamu, kuna kibao kinachozilinda zisijazwe kupita kiasi. Kukiruka kibao hicho ili "betri ishike" ni kuweka moto ndani ya nyumba unamolala.

Mlima unataka pedeli

Wapo wanaosema: kama pedeli hazisaidii lakini kishikio kinafanya kazi, shida iko wapi? Nitatumia kishikio tu.

Kwenye tambarare, sawa. Kwenye vilima vyetu, hapana. Mota iliyo ndani ya gurudumu ikipanda polepole na mzigo mzito, sehemu kubwa ya umeme inageuka joto badala ya mwendo. Betri inaisha njiani na mota inaweza kuungua. Miguu yako ikichangia, mwendo unakuwa mzuri zaidi na mota inapumua. Ukiacha kihisi cha pedeli kimekufa miezi sita, utakilipia kwa mota.

Pia tuambiane ukweli: mota ya wati 250, ambayo ndiyo kikomo cha sheria za Ulaya kwa baiskeli za msaada wa pedeli, haitapandisha mikungu minne ya ndizi kwenye kila njia ya mlimani. Kuna njia ambazo bado ni za kichwa na mgongo.

Baiskeli inayofungika na isiyofungika

Turudi kwenye swali la nani. Baiskeli hizi haziko sawa mbele ya fundi. Zile zenye kishikio cha nyaya tatu na kontrola ya kawaida ya Kichina, fundi anaweza kuzipima kama tulivyoeleza, na kipuri kutoka kiwanda kingine mara nyingi kinaingia. Nyingine, hasa zile za bei kubwa zilizotengenezwa kwa soko la Ulaya, sehemu zake zinazungumza kwa lugha ya siri ya kiwanda. Mfumo kama wa Bosch unahitaji kifaa maalumu cha wakala ili kusoma ugonjwa. Kwa Mkuyuni, baiskeli nzuri namna hiyo ikigoma ni pambo.

Wauzaji husema kufunga huko ni kwa ajili ya usalama, na ukifungua, dhamana inakufa. Hoja hiyo ina ukweli kwa upande wa betri. Lakini dhamana ina thamani kwa kadiri ya umbali wa yule anayeitoa. Hata Ulaya wameliona: kanuni ya betri ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2023 inataka, kuanzia Februari 2027, betri za vyombo vidogo kama baiskeli za umeme ziweze kuondolewa na kubadilishwa na fundi wa kujitegemea, si wakala wa kiwanda peke yake. Kama wao wenye maduka kila mtaa wanalidai hilo, sisi tuna sababu zaidi.

Nini kifanyike

Kwa mnunuzi: usiulize bei na kilomita tu. Uliza kama muuzaji anaweza kukupa mchoro wa nyaya, kishikio cha akiba na kihisi cha pedeli cha akiba. Vipuri hivi viwili ni vidogo, vinaingia mfukoni. Uliza kama kontrola yake inapatikana kwa wauzaji wengine. Kisha, kabla ya kutoa fedha, mwonyeshe fundi wako wa kijijini picha ya kontrola na soketi zake. Akikuambia hataigusa, hiyo ni sehemu ya bei.

Kwa fundi: maltimita, kifaa cha kulehemu na uvumilivu wa kupima kabla ya kukata vinatosha kuanza. Vijana wakijiunga katika kikundi, mikopo ya halmashauri ipo kisheria, asilimia 4 ya mapato ya ndani ikiwa ni fungu la vijana. Karakana ya vyombo vya umeme ni ombi halali kama lile la bodaboda.

Kwa Serikali: mkoa wetu una chuo cha VETA Kihonda. Kozi fupi ya wiki chache kwa mafundi wa baiskeli ambao tayari wana mikono, ingefika mbali kuliko semina nyingi kuhusu nishati safi. Na TBS, inapoangalia ubora wa vyombo hivi vinapoingia, ingeweza kudai jambo moja jepesi: kila baiskeli ije na mchoro wa nyaya zake kwa Kiswahili.

Umeme umeshafika kijijini kwa fedha nyingi za umma. Kama unataka baiskeli ya umeme msimu huu, tunakushauri uanze kwa fundi kabla ya kwenda dukani. Na kama wewe ndiye fundi, na kuna baiskeli iliyolala kwako, tutumie picha ya soketi zake na namba ulizopima. Tutazijadili hewani, ili fundi wa kijiji kinachofuata asianze upya.